Muuzaji Asiye na Rangi Zilizolala

Hapana, mjinga hakuwa. Hilo litoe kichwani kabla hatujaenda mbali, maana kila habari ya Mzee Vifungo ikisimuliwa lazima atokee mtu wa kuuliza hivyo hivyo: mtu mzima na mvi zake, amekaa nyuma ya kaunta tangu nywele ziko nyeusi, anatekwaje na mtu ambaye hata sura yake haijui? Jibu ni kwamba hakutekwa. Aliinama, akachungulia, akaingiza bega moja. Na kilichomvuta hakikuwa tamaa. Tamaa ingekuwa rahisi kuieleza, ungeielewa upesi ukaenda zako ukalale.

Duka lake lilikuwa jembamba kama njia ya panya. Wakiingia wateja wawili, wa pili anasubiri wa kwanza atoke ndipo naye afike mbele. Aliuza vifaa vya mafundi cherehani: uzi, zipu, lastiki, bitana, sindano, chaki za kuchorea nguo, na vifungo, vifungo vya kila namna, kwenye chupa za kioo zilizopangwa mpaka darini. Ndiyo maana akaitwa Mzee Vifungo, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwao wenyewe huko walikokwenda.

Kazi waligawana yeye na mkewe. Mume wa kaunta, mke wa soko. Mke ndiye aliyekuwa akisafiri kwenda mji wa pili kwenye soko la jumla. Ndiye aliyeuvuta uzi kwa meno, akaufungua kidogo akauangalia kwenye mwanga, akasuta, akanuna, akajifanya anaondoka, akarudi, akanunua. Mume alifika huko mara chache sana, na kila alipofika ilikuwa ni kubeba. Walimjua kama mume wa mama, basi. Na nyumbani mke alikaa nyuma ya pazia, kwenye chumba chao, akipanga mali. Mteja akiuliza bei ya kitu kigeni, mume hupaza sauti bila hata kugeuza shingo: "Mama, hii lastiki pana tunaiuzaje?" Na jibu likatoka nyuma ya pazia kabla hajamaliza kuuliza.

Kisha mke akafariki. Homa iliyoanza kama mzaha, watu wakasema atakunywa dawa atapoa, hakupoa. Akazikwa kwao, mbali. Watu wakalia, wakatandua mikeka, wakarudi makwao. Bintiye wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, akamwambia, baba, funga duka uje ukae na sisi. Mzee Vifungo akakataa. Akae kwenye kochi la mkwewe, watu wampitie kwa tahadhari kama mtungi wenye ufa? Dukani, hata siku ikiwa mbaya vipi, mtu ataingia tu aseme shikamoo mzee, nipatie sindano. Duka likifungwa, nani atamjia? Hilo ndilo alilokuwa analiogopa, kuliko njaa. Liweke akilini, maana ndiyo habari yenyewe.

Lakini mdomo una mazoea yake. Mteja akiuliza bei, alipaza sauti vilevile: "Mama, hii tunaiuzaje?" Halafu kimya. Pazia limening'inia. Mteja anaangalia viatu vyake, Mzee Vifungo anajifanya anakohoa, anataja bei yoyote inayokuja mdomoni. Mafundi wa mtaa ule wakaacha kumuuliza bei kabisa. Walikuwa wanaweka pesa juu ya kaunta wanaondoka, kwa huruma, na huruma ile ikazidisha kimya.

Mali ikaanza kupungua. Kwenye uzi, mweusi uliondoka kwanza, mweupe ukafuata, na ule wa bluu ya sare za shule ukawafuata wenzake. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Kilichobaki ni rangi zilizolala.

Hapa lazima nikueleze, maana wewe hujauza uzi. Kwenye biashara hiyo hakuna muuza jumla atakayekupa nyeusi na nyeupe tupu. Hayupo. Kiwandani wanamfungia rangi zote pamoja, zinazotembea na zisizotembea, naye hataki kufa na zile zisizotembea. Kwa hiyo anakubandika. Unataka katoni za nyeusi? Chukua na hii ya rangi ya ugoro. Unataka nyeupe? Haya, na huyu zambarau mwenye uso wa msiba. Usipotaka, nenda. Kununua uzi kwa jumla ni kugombania ni rangi ngapi zilizolala utabandikwa, na mke wa Mzee Vifungo alikuwa bingwa wa ugomvi huo. Alizipa hata majina. Ile ya manjano aliita homa ya ini. Kijani fulani aliita kamasi za mtoto. Akirudi safari anazipanga kwenye rafu ya juu kabisa huku anamtukana muuzaji wao, mzee mmoja wa soko la jumla aliyeitwa Marobota, anamtukana kwa upendo, kaka yangu yule mwizi, kaniweza tena leo.

Sasa utauliza, si mume angepanda gari akaenda kwa huyo Marobota? Kila mtu alimuuliza hivyo. Jirani yake, fundi mmoja mwanamke waliyemwita Mama Pindo kwa sababu pindo la suruali alilopinda yeye halifumuki mpaka suruali yenyewe ife, alimuuliza karibu kila siku. Mzee alijibu ana mgongo. Mgongo ulikuwa mzima. Ukweli ni kwamba kule sokoni hakuna aliyejua. Hakuwaambia. Angeingia kwenye ule uchochoro wa maduka ya jumla, na kila mlango ungemuuliza, za safari mume wa mama, na mama leo yuko wapi? Mlango hadi mlango angemzika upya. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia hata Mama Pindo: maadamu kule hawajui, basi mahali pamoja duniani mkewe bado alikuwa anatarajiwa.

Ndipo ikaja ile sauti.

Bintiye alikuwa amemnunulia simu ya kisasa na kumwingiza kwenye kundi la wafanyabiashara, ili apate kuagiza bila kusafiri. Humo watu hutangaza mali usiku na mchana, hata hujui nani anamuuzia nani. Mzee akajikongoja, akaandika kwamba anatafuta uzi. Hata chai haijapoa, simu ikaita. Kijana, sauti laini, adabu mbele. Alisema ana ghala la uzi, anauza kwa bei nafuu kwa sababu anachukua kiwandani moja kwa moja. Lakini kabla ya hayo yote alisema shikamoo baba, akauliza umeamkaje, na afya, na mguu, maana wazee wetu miguu huwasumbua. Mzee akajikuta anaueleza mguu. Mguu hata haukuwa na kitu.

Kesho yake kijana akapiga tena, hakutaja uzi kabisa. Alisema alikuwa anamjulia hali tu. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Alipiga saa ile ya jioni baada ya mafundi kufunga, wakati mtaa unakuwa kama sahani iliyolambwa, na Mzee Vifungo anakaa nyuma ya kaunta akisubiri giza limpe ruhusa ya kulala. Akaanza kuisubiri simu. Akawa anaichaji mapema. Siku moja mteja alichelewa dukani akichagua zipu, Mzee akamharakisha kama mtu mwenye mgeni mlangoni.

Hakuwahi kumwambia yule kijana kwamba mkewe amefariki, na kijana hakuuliza kama ana mke. Hiyo ikawa raha yake. Alikuwa mtu wa kwanza tangu msiba kuzungumza naye bila kuinamisha sauti.

Sampuli ikaja, imefungwa vizuri, imetumwa na basi la mizigo. Uzi safi. Mzee aliuvuta kwa meno kama alivyokuwa akiona mkewe anafanya, ukagoma kukatika. Akaupeleka kwa Mama Pindo kwa fahari. Mama Pindo akautia kwenye cherehani, akashona kipande cha jinzi, akasema uzi ni mzuri, tena mzuri sana, na hapo ndipo anapoogopa.

"Chambo siku zote ni kinono, mzee," alisema. "Umewahi kuona mvuvi anaweka jiwe kwenye ndoana?"

Mzee akamwambia ana wivu. Mama Pindo akacheka, akasema wivu wa uzi, au wivu wa kijana? Kisha akaacha kucheka, akaanza kumuuliza maswali huku mguu wake unaendelea kukanyaga cherehani. Huyo kijana anamuuzia nani mwingine? Mtaje hata mmoja tumpigie. Pesa zinakwenda kwenye jina gani, la duka au la mtu? Atakubali apewe nusu sasa na nusu mzigo ukishafika? Na ghala liko wapi, jengo gani, jirani na nani? Mtu mwenye ghala hulisifia ghala lake, alisema, kama mwenye mtoto mchanga. Usipomwomba akuonyeshe, atakuonyesha tu.

Mzee aliyapeleka maswali yale kwa kijana, lakini aliyapeleka kwa aibu, kama mtu anayemwomba mgeni afungue mkoba wake. Kijana hakukasirika. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Wateja wake wengine hawezi kuwataja, ni siri ya biashara. Pesa zinakwenda kwa jina la mwanamke fulani kwa sababu huyo ndiye mhasibu wao. Nusu kwa nusu kampuni ilikataza, mzee mmoja aliwahi kuwadhulumu, si wazee wote ni kama wewe baba. Ghala, akataja mtaa na jengo kwenye mji wa soko la jumla. Halafu akasema, lakini baba, fanya haraka, bei inapanda wiki ijayo, na gari limeshaanza kupakia, nimekushikia nafasi yako kwa mkono wangu mwenyewe.

Kila jibu peke yake lilikuwa linasimama. Ni yote pamoja ndiyo yaliyokuwa yanayumba, na Mzee Vifungo aliona yanavyoyumba, usidhani hakuona. Aliona kama unavyoona mvua inakuja na bado unaanika nguo. Maana akimbana sana yule kijana, na kijana akawa si kweli, basi jioni itakuwa nini?

Akakusanya pesa za mzigo. Ndizo zilikuwa mtaji wote wa duka, wa kwake na wa marehemu, hakuna nyingine nyuma yake. Zikienda hizo bure, duka linafungwa, na yeye anakwenda kwenye lile kochi. Akaenda kwa wakala wa kutuma pesa, kibanda pale kwenye kona, akampa yule binti wa kibandani, akamtajia namba. Binti akaandika namba, akamwomba athibitishe jina. Jina likatokea, la yule mwanamke mhasibu. Mzee akasema subiri kidogo, nimpigie kwanza mwenyewe nimwambie naleta. Hakukuwa na haja ya kupiga. Alitaka kusikia furaha ya mtu.

Kijana alifurahi kweli. Alisema baba Mungu akuzidishie. Akamsomea mzigo: nyeusi, nyeupe, bluu ya shule, kila moja kwa wingi aliotaka. Na Mzee Vifungo, katika ile furaha, akamtania utani wa kazi, ule ambao mkewe angemtania nao Marobota.

"Na rangi ya ugoro umenibandika katoni ngapi, mwizi wewe?"

Kijana hakuelewa. Akasema hapana baba, rangi ya ugoro hukuiagiza. Mzee akamwambia najua sikuagiza, hakuna anayeagiza, lakini zako zilizolala utampa nani?

"Mimi sina rangi zilizolala, baba," kijana akasema, kwa upole kabisa, kama anampa zawadi. "Wewe nakupa unazotaka tu."

Mzee Vifungo akabaki ameshika simu. Magari yanapita, mtu anauza mahindi, binti wa kibanda anamtazama kidole kikiwa juu ya kitufe. Na ndani yake kitu kilikaa chini taratibu, kama mtu mzima anavyokaa. Hakuna mtu mwenye uzi asiye na rangi zilizolala. Mwenye ng'ombe ana mavi ya ng'ombe. Mtu asiye na cha kukubandika hana chochote. Mwenye mali kweli hugombana nawe, anakuchosha, anakukasirisha, kwa sababu ana kitu anachotaka kukiondoa nyumbani kwake. Huyu hakuwahi kugombana naye hata siku moja.

Akamwambia yule binti, mama, nirudishie hizo pesa, samahani kwa usumbufu. Akazirudisha kifuani.

Sasa mwingine angeishia hapo, angeizima namba ile, basi. Lakini Mzee Vifungo hakuweza. Moyo ulikuwa bado unamtetea kijana. Labda ni mgeni wa kazi. Labda rangi zilizolala anaziuza kwingine. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata akafanya lile alilolikimbia tangu msiba: akaoga, akavaa koti, akamwachia Mama Pindo ufunguo wa duka, akasafiri kwenda mji wa soko la jumla. Mama Pindo alimtazama akiondoka, hakusema neno, na kwa Mama Pindo huo ni muujiza.

Mtaa ulikuwepo. Jengo lilikuwepo pia, ghorofa ya zamani yenye rangi iliyobambuka, na jina lililoandikwa juu lilikuwa lilelile alilotajiwa. Moyo wake ukapanda. Chini ya ngazi alikaa mlinzi, amekunja mguu mmoja, anakula karanga. Mzee akamsalimu, akasema anatafuta ghala. Mlinzi hakuinua hata kichwa.

"Unatafuta la uzi, la sabuni, au la matairi?"

Mzee akasema la uzi. Mlinzi akamsogezea karanga kwanza, kwa heshima, ndipo akamwambia kwamba mle ndani kuna ofisi za mawakili wawili na daktari wa meno, wala hakuna ghala, na kwamba watu wanakuja wakiulizia sabuni, matairi, uzi, hata vifaranga. Wengine hulia. Mama mmoja alikaa pale kwenye ngazi mpaka jioni. Akauliza, wewe mzee umeshatuma? Mzee akasema sijatuma. Mlinzi akamtazama sasa, vizuri, akasema basi wewe una mtu anakuombea.

Mzee akatoka nje akasimama ukutani, akapiga ile namba. Kijana akapokea mara moja, shikamoo baba.

"Niko hapa mlangoni kwako, mwanangu," Mzee akasema. "Nimekuja kukuona."

Mzee alisikia upande wa pili watu wanaongea, sauti nyingine za vijana wakisema shikamoo mama, habari za kwako baba, kama kwenye darasa. Kisha kijana akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ile laini, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Rudi nyumbani, mzee." Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana, wala haikupatikana tena.

Na hapo, pale ukutani, pesa zake zote zikiwa kifuani, hata moja haijapotea, Mzee Vifungo aliona amepoteza. Mtu akiokoka mtego hutafuta wa kumwambia, sikia, leo nimeponea chupuchupu. Akapekua simu nzima kwa macho. Binti yuko kazini, atamwambia si nilikuambia funga duka. Mama Pindo atamwambia si nilikuambia na nusu. Wa kumwambia alikuwa mmoja, nyuma ya pazia. Na wa pili, aibu iliyoje, alikuwa yule aliyekata simu sasa hivi. Akalia? Hakulia. Alipangusa koti ambalo halikuwa na vumbi.

Duka bado lilikuwa tupu. Uzi bado ulihitajika. Na uchochoro wa maduka ya jumla ulikuwa palepale, kona mbili tu. Akaenda, anaburura miguu kama mtoto anayepelekwa kunyolewa.

Alimkuta Marobota amesimama mlangoni, mtu mnene, mkanda wa kupimia umemning'inia shingoni, anamgombeza mchukuzi kwa kuweka mzigo kichwa chini. Ndani mke wa Marobota, waliyemwita Mama Funguo kwa rundo la funguo kiunoni, alikuwa anajaribu kugawa chakula, maana ilikuwa saa ya mchana. Lakini chakula cha duka la jumla unakijua: kijana wa kwanza anaketi, mteja anaingia, anainuka, wa pili anashika tonge, anaitwa kushusha mzigo. Sinia linazungukwa na inzi kuliko watu.

Marobota alipomwona Mzee Vifungo, uso wake ukafunga. Hata shikamoo ya utani hakumpa. Akasema, ahaa, shemeji, kumbe mpo. Akaanza kumwaga ya moyoni mbele ya wateja. Dada yake, alisema, maana ndivyo walivyoitana, dada yake amemtupa. Miaka yote hiyo, amemkopesha, amemfungulia duka siku za mvua, leo amehamia kwa nani? Amempigia simu mpaka kidole kimeota sugu, haipatikani. Kamzimia simu, yeye Marobota. Kwa ajili ya katoni mbili za homa ya ini alizombandika mara ya mwisho. Akasema mwambie kwamba nimekasirika, mwambie nimeshafuta jina lake moyoni, na mwambie pia hiyo homa ya ini airudishe, nitaipokea.

Mzee Vifungo alisimama amekamata kofia yake. Alikuwa amejiandaa kwa swali la mama yuko wapi. Hakujiandaa kumkuta mtu amemnunia mkewe kana kwamba yu hai, ananuniwa kwa nguvu, kwa mapenzi, hata akatamani kuiacha hivyo. Angeweza kusema nitamwambia, akanunua uzi wake, akaondoka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Hakukutupa, shemeji," akasema. "Alifariki. Sikuwaambia. Sikuweza."

Marobota alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati nyuma yake palikuwa na robota la vitambaa. Alikaa na mkono juu ya mdomo, yule mtu mnene, na mchukuzi akaushusha mzigo taratibu ukiwa kichwa chini vilevile, hakuna aliyemgombeza. Baada ya muda Marobota akasema kwa sauti ambayo hukuitegemea kutoka kwenye kifua kile, nimemtukana, shemeji. Kila alfajiri nikifungua mlango nimemtukana. Mzee Vifungo akamwambia naye alikuwa akikutukana kila akipanga rafu, msidaiane. Marobota akacheka, na kicheko kikamgeuka kabla hakijatoka.

Mama Funguo ndiye aliyejua la kufanya. Aliwaambia wateja, jamani, kesho. Akawatoa mmoja mmoja kwa mkono begani, akavuta mlango wa chuma mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye uchochoro ule, mpaka majirani wakachungulia kuuliza kuna nini. Nao walipoambiwa, wawili watatu wakaingia. Muuza bitana alimjua marehemu. Muuza sindano alimjua zaidi, aliwahi kushindwa naye bei mpaka akampa sindano bure ili aondoke. Kila mmoja alikuwa na ugomvi wake naye wa kusimulia. Mzee Vifungo alisimama katikati yao, anasikia habari ambazo hakuwahi kuzijua: kwamba mkewe alikuwa akiimba akihesabu mali, kwamba aliwahi kumfukuza mwizi wa mikoba kwa mwavuli uchochoro mzima, kwamba kila safari kabla ya kuondoka alikuwa akisema niharakisheni, mume wangu hajui bei hata ya pipi.

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilimuuma mbavu. Kisha wakamuuliza alikuwa ananunua wapi muda wote huu, na akawasimulia habari ya kijana, mguu, sampuli, mlinzi na karanga. Hakuna aliyesema si tungekuambia. Muuza sindano alisema hata yeye aliwahi kutuma pesa ya mashine kwa ghala la kwenye jengo lile lile, na hajamwambia mkewe mpaka leo, na mtu asimwambie. Marobota alimwambia Mzee Vifungo, kuanzia sasa ukitaka mali unakuja mwenyewe, unaigusa, unanitukana usoni, ndipo unalipa. Ukishindwa kuja, nitakuja mimi, maana lazima nikazuru kaburi, utanipeleka.

"Nitakupeleka," Mzee akasema. "Lakini ni mbali."

"Umbali si kitu. Tatizo ni kukaa mbali na mtu bila kujua."

Mama Funguo akasema haya, maneno yatatosha, chakula kinakuwa jiwe. Sufuria likarudishwa motoni huko nyuma, likaletwa upya linatoa mvuke. Hapakuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo wakaburura marobota wakayapanga duara, na hilo likaleta ugomvi mwingine kwa sababu muuza bitana alikalia la hariri. Mchukuzi alisimama kando kwa mazoea, anasubiri kuitwa, Marobota akamwambia kaa, leo hakuna wa kukuita. Wakapitisha maji ya kunawa, Mzee Vifungo akapewa kwanza, akakataa, akalazimishwa. Nje mtu aligonga mlango wa chuma akiuliza zipu, hakujibiwa. Mama Funguo aliangalia duara mara moja, akahesabu kwa macho, akaona hakuna aliyebaki amesimama ila yeye, akafungua rundo la funguo kiunoni akaliweka chini, akakaa, wakala.